Kuchemsha na Kuloweka: Mbinu za Kutia Hopsi Katika Eli ya Nyumbani na Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mbinu kuu za kutia hopsi katika eli inayopikwa nyumbani na kupendekeza namna ya kuzitaja kwa Kiswahili. Hoja ya msingi ni kwamba hopsi ile ile, kwa kiasi kile kile, huweza kuleta uchungu au manukato kutegemea joto la kioevu inamotiwa na muda inaokaa humo. Kwa sababu hiyo, istilahi ifaayo ni ile inayotaja kitendo, joto na wakati, wala si ile inayofasiri jina la Kiingereza neno kwa neno. Makala yanaeleza kwanza hopsi ni nini na hufanyaje kazi, kisha yanajadili mbinu zenyewe, yanapendekeza jaribio linaloweza kufanywa kwa vyombo vya kawaida vya jikoni, na hatimaye yanarejea kwenye suala la istilahi.

1.0 Utangulizi

Upikaji wa pombe ni fani kongwe katika Afrika Mashariki, na Kiswahili kina msamiati wake wa siku nyingi kuihusu. Mgema hupanda mnazi akagema tembo. Nafaka huloweshwa na kuoteshwa ikawa kimea. Busaa hupikwa kwa kimea cha wimbi na unga wa mahindi. Nayo muratina hupatikana kwa kuchachusha asali au maji ya miwa. Hata hivyo, katika vinywaji vyote hivyo hakuna hopsi. Huu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi, unaositawi hasa kati ya latitudo 35 na 55, mahali ambapo mchana wa kiangazi huwa mrefu. Katika bara la Afrika hulimwa kibiashara nchini Afrika Kusini, kandokando ya mji wa George. Katika maeneo ya ikweta mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, hali ambayo haiupi mmea huu ishara unazohitaji ili uchanue vizuri.

Katika Ulaya historia ya hopsi ni ndefu. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani wa karne ya 12, aliandika kuhusu uwezo wake wa kuzuia vinywaji visiharibike. Mwaka 1516 sheria ya Bavaria iliagiza kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji pekee. Nchini Uingereza, kinywaji kilichoitwa eli hapo kale hakikutiwa hopsi hata kidogo. Kinywaji chenye hopsi kilienea huko katika karne ya 15 kutoka Uholanzi na maeneo jirani, nacho kikaitwa bia ili kitofautishwe na eli. Baadaye eli nayo ikatiwa hopsi, na tofauti ya majina ikahamia kwenye aina ya hamira na joto la uchachushaji. Mwanafunzi wa semantiki ataona hapa mfano bayana wa neno lililobaki pale pale ilhali maana yake imehama.

Majaribio ya wapikaji wa nyumbani yalipata nguvu mpya baada ya sheria kulegezwa. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa wapikao bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963, nayo Marekani ikaruhusu upikaji huo katika ngazi ya shirikisho kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 1978. Mpikaji wa nyumbani hana hasara kubwa akiharibu lita 5, na kwa hivyo ana uhuru wa kujaribu ambao kiwanda hakina.

Mbinu zilizotokana na majaribio hayo zimeelezwa kwa wingi kwa Kiingereza. Swali linalomkabili msomi wa Kiswahili ni hili: je, mbinu hizi zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili kiasi kwamba msomaji azifuate na apate matokeo yale yale? Makala haya yanashikilia kwamba inawezekana, mradi mwandishi aelewe kwanza kinachotendeka ndani ya sufuria.

2.0 Hopsi na Utendaji Wake

Hopsi, ambayo kwa jina la kisayansi ni Humulus lupulus, ni mmea utambaao unaopanda juu ya nguzo na kamba. Miti ya kike na ya kiume huwa tofauti, na kinachotumika katika upikaji ni koni za mmea wa kike. Ndani ya koni hizo mna chembechembe za rangi ya manjano, zenye kunata, ziitwazo lupulini. Chembechembe hizo zina vitu viwili vinavyohusu mjadala huu: asidi za alfa na mafuta yenye harufu.

Asidi za alfa, katika hali yake ya asili, haziyeyuki vyema katika maji na hazina uchungu mwingi. Zinapochemshwa, hubadilika umbo pasipo kupoteza wala kuongeza atomu, zikawa asidi za iso-alfa. Hizi za pili huyeyuka kwa urahisi zaidi, na ndizo zinazoleta uchungu wa bia. Badiliko hilo linahitaji joto na muda. Linaendelea kwa kasi maji yanapochemka, hupungua sana joto linaposhuka kufikia nyuzi 80 za selsiasi, na katika halijoto ya chumba huwa kama halipo.

Mafuta yenye harufu yana tabia iliyo kinyume. Mirsini, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta ya aina nyingi za hopsi, na linaloli, inayonukia kama maua, hutoroka pamoja na mvuke. Kadiri hopsi inavyochemshwa, ndivyo uchungu unavyozidi na manukato yanavyopungua. Mbinu zote zitakazojadiliwa hapa chini ni njia mbalimbali za kuamua ni kipi kipatikane na ni kipi kiachwe.

Jambo hili si geni kwa mpishi wa pwani. Bizari na mdalasini huingia chunguni mapema ili vikolee, lakini dania hunyunyizwa chakula kikikaribia kuepuliwa, kwa kuwa ikipikwa mno hubaki majani tu. Tofauti ni kwamba katika hopsi viungo hivyo viwili vimo ndani ya koni moja.

3.0 Mbinu za Kutia Hopsi

Kabla ya kuzieleza mbinu, ni vyema kufafanua neno moja. Kimea cha shayiri kilichosagwa hulowekwa kwa takriban saa moja katika maji yenye joto la nyuzi 65 hadi 68, ambapo wanga hugeuka sukari. Kioevu kitamu kinachochujwa hapo kitaitwa hapa maji ya kimea. Maji hayo ndiyo huchemshwa, yakapozwa, kisha yakatiwa hamira.

3.1 Kuchemsha kwa Muda Mrefu

Hopsi hutiwa mara maji ya kimea yanapoanza kuchemka, na huchemshwa kwa dakika 60 hivi. Shabaha ni uchungu. Uchungu huo hukadiriwa kwa kipimo cha kimataifa ambacho kizio chake kimoja hulingana takriban na miligramu 1 ya asidi za iso-alfa katika lita moja. Kanuni iliyotungwa na Mmarekani Glenn Tinseth katika miaka ya 1990 hutumiwa sana na wapikaji wa nyumbani kufanya makadirio hayo. Tuseme gramu 30 za hopsi yenye asidi za alfa asilimia 6 zimetiwa katika lita 20 za maji ya kimea yenye msongamano wa 1.050. Kwa kanuni hiyo, zikichemshwa dakika 60 zitaleta vizio 21 hivi. Dakika 15, vizio 10. Dakika 5, vizio 4 tu. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni muda.

Mbinu hii ina tanzu yake. Hopsi huweza kutiwa katika maji ya kimea ya kwanza yanapotiririka kutoka kwenye chujio, kabla hayajaanza kuchemka, nazo zikaachwa humo hadi mwisho wa kuchemsha. Hii ni mbinu ya zamani iliyofufuliwa na watafiti wa Kijerumani Preis na Mitter katika makala waliyochapisha mwaka 1995. Katika majaribio yao waonjaji waliipendelea bia iliyopikwa hivyo, ingawa uchungu wake kwa vipimo haukuwa umepungua. Msomaji anayejua kukamua nazi atauelewa utaratibu huu kwa wepesi: kama vile tui la kwanza lilivyo zito kuliko la pili, mchujo wa kwanza wa kimea ndio wenye sukari nyingi zaidi.

3.2 Kutia Mwishoni

Hapa hopsi hutiwa zikiwa zimesalia dakika 15 au chini ya hapo kabla ya moto kuzimwa. Uchungu unaopatikana ni mdogo, lakini sehemu ya mafuta husalia na kuleta ladha inayosikika kinywani na puani. Wapikaji wengi hugawa hopsi zao mafungu mawili: fungu la mwanzo kwa uchungu, na fungu la mwisho kwa ladha.

3.3 Kuloweka Katika Moto Uliozimwa

Moto huzimwa, maji ya kimea huachwa yapoe kidogo, kwa mfano hadi nyuzi 80, kisha hopsi hutiwa na kuachwa humo dakika 15 hadi 30. Kwa kuwa maji hayachemki, mvuke ni haba, na mafuta mengi hubaki. Hata hivyo, kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuzima moto huzuia uchungu papo hapo. Maji yaliyotoka kuchemka punde hivi bado yana joto la kutosha kuendeleza badiliko la asidi za alfa, na hopsi ikitiwa katika nyuzi 95 itaongeza uchungu usiotarajiwa. Kipimajoto, kwa hivyo, ni muhimu hapa kuliko saa.

3.4 Kuloweka Katika Baridi

Katika mbinu hii hopsi hutiwa baada ya maji ya kimea kupoa na hamira kuanza au kumaliza kazi yake. Asidi za iso-alfa mpya hazipatikani, kwani hakuna joto la kuzizalisha. Kinachopatikana ni manukato mengi. Siku mbili au tatu zinatosha. Hopsi zikikaa muda mrefu kupita kiasi huleta harufu ya nyasi na ukakasi ulimini.

Wakati wenyewe nao una athari. Hopsi zikitiwa hamira ikiwa bado inachachua, hamira hiyo huweza kugeuza baadhi ya vijenzi vya mafuta. Kwa mfano, geranioli, yenye harufu ya waridi, hugeuzwa kuwa sitroneloli, yenye harufu inayokaribia ya ndimu. Zikitiwa baada ya uchachushaji kwisha, harufu ya hopsi hubaki karibu zaidi na asili yake.

Aidha, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni hewa: kufungua chombo huingiza oksijeni, nayo huyafifisha manukato yaliyokusudiwa. Ya pili ni uchachukaji upya. Hopsi zina vimeng'enya ambavyo huvunja sukari ngumu iliyokuwa imeishinda hamira, na hamira ikaamka tena. Horace Brown na G. Harris Morris waliliandikia jambo hili nchini Uingereza mwaka 1893, lakini lilisahauliwa kwa muda mrefu hadi wapikaji wa karne ya 21 walipoanza kutia hopsi nyingi katika baridi. Mpikaji asiyelijua huijaza bia chupani mapema, gesi ikaongezeka, na chupa ikapasuka. Kinga yake ni kupima msongamano kwa haidromita na kutojaza chupa hadi kipimo kisibadilike kwa siku kadhaa mfululizo baada ya hopsi kutiwa.

4.0 Jaribio la Kulinganisha

Kulinganisha bia mbili zilizopikwa kwa siku tofauti hakuthibitishi lolote, maana kimea, hamira, joto na muda vyote huenda vilitofautiana. Jaribio la maana hubadilisha kitu kimoja tu. Utaratibu ufuatao unakidhi sharti hilo.

Lita 20 za maji ya kimea huchemshwa kwa dakika 60 pamoja na gramu 30 za hopsi za uchungu. Kisha huchujwa na kugawanywa katika sufuria nne za lita 5. Sufuria zote nne huchemshwa tena dakika 5, hupozwa hadi nyuzi 80, hushikiliwa katika joto hilo kwa dakika 20, kisha hupozwa kabisa. Gramu 10 za hopsi za manukato hutumika kwa kila fungu. Hopsi iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima katika jimbo la Oregon nchini Marekani mwaka 1972, inafaa kwa kuwa harufu yake ya balungi hutambulika upesi. Sufuria ya kwanza haitiwi hopsi za manukato kabisa, ili iwe ya kulinganishia. Ya pili hutiwa katika zile dakika 5 za kuchemka. Ya tatu hutiwa katika zile dakika 20 za nyuzi 80. Ya nne hutiwa baada ya uchachushaji, kwa siku 3. Hamira iwe ya aina moja na uzito mmoja, na vyombo vyote viwekwe pamoja katika joto la nyuzi 18 hadi 20.

Ni muhimu kutambua kwa nini sufuria ya kwanza na ya nne zinapitishwa katika hatua ambazo hazitiwi hopsi. Kama zingeachwa, tofauti kati yake na nyingine ingetokana na kuchemka zaidi pamoja na hopsi, na isingejulikana ni kipi kilicholeta nini.

Uonjaji nao una masharti yake. Methali ya Kiswahili inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; katika uonjaji, sifa huharibu hukumu ya mnywaji vilevile. Mwonjaji akijua ni chombo kipi kilicholowekwa hopsi katika baridi, atayasikia manukato hata yasipokuwapo. Njia inayopendekezwa ni ya vikombe vitatu: viwili vina bia moja, cha tatu kina bia nyingine, na mwonjaji hutakiwa kutaja kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja kati ya watatu atapatia. Hivyo basi, katika kundi la watu 12, wanaopatia wanapaswa kufika 8 ndipo isemwe kwa uhakika wa kiwango cha asilimia 5 kinachotumika katika sayansi kwamba tofauti ipo. Wakipatia 5, mpikaji hana haki ya kudai kwamba mbinu yake imeleta tofauti.

Yapo pia masharti ya nje ya sufuria. Nchini Kenya utengenezaji wa vileo unasimamiwa na sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 na leseni zake, na mtafiti yeyote anapaswa kuizingatia. Asiyetumia kileo, au asiye na leseni, anaweza kuishia kwenye maji ya kimea yaliyopozwa kabla ya hamira kutiwa. Sufuria tatu za mwanzo zitamwonyesha tofauti ya kutosha. Vilevile, mabaki ya hopsi yasitupwe mahali mbwa wanapopita, kwa kuwa ni sumu kwao.

5.0 Suala la Istilahi

Kiingereza huiita mbinu ya nne kwa jina lenye maana ya kutia hopsi kavu. Jina hilo lina historia: hopsi zilitumbukizwa pipani zikiwa kavu, bila kuchemshwa. Lakini mfasiri anayeunda istilahi kama "kuhopisha kavu" humwachia msomaji fumbo. Hakuna kilicho kikavu katika chombo kilichojaa bia, na hopsi zinazotiwa mwanzoni mwa kuchemsha nazo kwa kawaida huwa kavu. Istilahi hiyo haitaji joto, haitaji wakati, wala haitofautishi mbinu hii na nyingine. Msomaji anayeitegemea peke yake anaweza kuzitia hopsi katika maji ya moto na akapata kinyume cha alichokusudia.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina vitenzi vinavyobainisha vitendo hivi kwa usahihi, na mapendekezo yafuatayo yamejengwa juu yake:

(a) Hopsi za uchungu: zinazochemshwa muda mrefu.
(b) Hopsi za mchujo wa kwanza: zinazotiwa kabla maji ya kimea hayajachemka.
(c) Hopsi za mwishoni: zinazotiwa dakika za mwisho za kuchemsha.
(d) Uloweshaji moto: kuloweka hopsi baada ya moto kuzimwa.
(e) Uloweshaji baridi: kuloweka hopsi wakati wa uchachushaji au baada yake.

Jozi ya (d) na (e) inadhihirisha faida ya utaratibu huu. Kitendo ni kimoja, kuloweka. Kinachotofautisha ni joto, na joto ndilo hasa linaloamua kama uchungu utaongezeka. Katika majina ya Kiingereza uhusiano huo hauonekani. Pendekezo hili linakidhi kigezo cha uwazi na kile cha uwiano, ambavyo husisitizwa katika taaluma ya istilahi. Kwa upande mwingine, jina la mmea lenyewe, hopsi, limekopwa na kutoholewa. Hilo halina ubaya, kwa kuwa kitu chenyewe ni kigeni. Mkopo unafaa kwa kitu kisichokuwapo. Haufai kwa kitendo ambacho lugha tayari ina kitenzi chake.

Msamiati wa kuonja nao umekamilika kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili hutofautisha uchungu, uchachu, ukali na ukakasi. Tofauti ya uchungu na ukakasi ni muhimu mno katika hopsi, kwa kuwa wa kwanza hukusudiwa na wa pili huwa dosari. Bia yenye hopsi ikipigwa na mwanga wa jua hutoa harufu mbaya ambayo Waingereza huifananisha na mnyama wa Marekani anayejihami kwa uvundo. Mwandishi wa Kiswahili hahitaji kumwagiza mnyama huyo kutoka ng'ambo. Kicheche yupo, na sifa yake inajulikana.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba hopsi huleta uchungu kwa joto na muda, na huleta manukato joto na muda vinapopunguzwa. Mbinu zote zilizojadiliwa hutokana na kanuni hiyo moja. Imeonyeshwa pia kwamba mpikaji hawezi kujua athari ya mbinu yake asipobadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na asipowaonjesha watu wasiojua wanachoonja.

Kuhusu lugha, tangu katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, na haja ya kukiandikia sayansi na ufundi inazidi. Uzoefu wa hopsi unatoa funzo linalovuka mipaka ya upikaji. Mfasiri anayeanza na neno la Kiingereza hurithi hata ajali za historia ya neno hilo. Anayeanza na sufuria, akauliza ni nini kinachotiwa, lini, na katika joto gani, hupata jina linalomwelekeza msomaji kutenda. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za utafiti wanashauriwa kuyajaribu mapendekezo haya kwa watu: kundi moja lisome maelekezo yenye istilahi zilizofasiriwa neno kwa neno, la pili lisome yenye istilahi za kitendo na joto, kisha ichunguzwe ni kundi lipi lililotia hopsi kwa wakati wake.